Mkato au Mpishano? Uhakiki wa Istilahi za Maungio ya Zege

Miezi michache iliyopita tulipokea rasimu ya mwongozo wa mafundi kuhusu namna ya kuunganisha vipande vya zege ambavyo hutengenezwa uwanjani, vikakomaa, kisha vikapelekwa mahali pa ujenzi na kupangwa. Waandishi wake waliomba ithibati ya lugha. Hatutawataja, kwa kuwa kazi yao bado ni rasimu, na kwa kuwa nia yao ni njema: wametaka fundi asome kwa Kiswahili jambo ambalo hadi leo hulipata kwa kuelezwa juu juu na mhandisi aliyelisoma kwa Kiingereza. Mwishoni mwa mwongozo ipo orodha ya istilahi. Orodha hiyo ndiyo tunayoihakiki hapa, tena si yote, bali zile istilahi zinazohusu jambo moja tu: jinsi kani inavyotoka kipande kimoja cha zege na kuingia kipande cha pili pale vinapokutana.

Kazi hii tungeweza kuifanya tukiwa ofisini, kamusi mbele yetu. Lakini tulipata habari kwamba nakala za rasimu zimetangulia kufika wilayani Rungwe, ambako kulikuwa na daraja dogo la kijijini likijengwa upande wa Masoko, na kwamba mafundi walikuwa wakiusoma mwongozo huo na kuufuata. Tukaonelea ni vema tuende tukaone istilahi zikifanya kazi. Tulipanda kutoka Uyole, tukapita Isongole penye baridi na viazi, tukateremka Kiwira, na tulipoingia Tukuyu mvua ilikuwa inanyesha, jambo ambalo mwenyeji wetu hakuona haja ya kulitaja. Mji huo hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Tunaomba msomaji alishike jambo hili la mvua, maana tutalirudia.

Kwanza tueleze kani yenyewe, kwa kuwa hakuna istilahi inayoweza kuhakikiwa kabla ya kujulikana kile inachokitaja. Chukua rundo la karata, uliweke mezani, kisha uisukume karata ya juu kwa kidole pembeni. Karata hazivunjiki wala hazinyanyuki. Zinateleza moja juu ya nyingine, kila moja ikiiacha ya chini yake nyuma kidogo. Kani iliyofanya hivyo haikuvuta wala haikukandamiza. Imezifanya nyuso mbili zilizogusana zipitane. Katika boriti ya zege iliyomwagwa kwa mara moja, kani hiyo imo muda wote boriti inapobeba mzigo, ila haionekani, kwa kuwa zege lote ni kitu kimoja na halina mahali pa kutelezea. Katika vipande vilivyounganishwa mahali hapo papo: ndilo ungio lenyewe.

Daraja tulilolikuta lilikuwa la aina nyepesi kueleweka. Vipande virefu vya zege hulazwa ubavu kwa ubavu kutoka ukingo hadi ukingo wa kijito. Kila kipande hutokezwa vitanzi vya nondo ubavuni. Kati ya kipande na kipande huachwa nafasi nyembamba, humo vitanzi vya upande huu hupishanishwa na vya upande ule, kisha nafasi hushindiliwa zege laini. Lori la majani ya chai likipita, gurudumu hukanyaga kipande kimoja, na kipande hicho hutaka kuzama peke yake; jirani yake hubaki juu. Kinachomzuia asizame peke yake ni lile ungio. Ungio likiwa zima, mzigo hupokelewa na jirani, naye humpokeza jirani wa pili. Ungio likiwa bovu, kila kipande hubeba lori zima kwa zamu.

Sasa tusome rasimu. Sentensi inayohusika ni hii: «Hamisho la mkato katika kiungo litafanywa na nondo.» Mwandishi alikusudia kusema kwamba nondo ndizo zitakazopitisha kani kutoka kipande hadi kipande. Fundi aliyepewa karatasi hiyo alikuwa mtu mzima, mwenye miaka mingi kazini, anayejua kusoma vizuri kuliko sisi tunavyojua kumwaga zege. Aliona vitanzi vya nondo vinazuia vipande visikae karibu. Akasoma sentensi. Ikamwambia mkato, ikamwambia katika kiungo, ikamwambia nondo. Akaagiza msumeno. Vitanzi viwili vya kipande kimoja vilikwisha kuondoka ndipo msimamizi alipofika na kupiga kelele. Tulikikuta kipande hicho kimewekwa kando ya migomba, vidonda vyake viwili vimeshaanza kutu. Tulipomwuliza mzee huyo alikuwa amefikiri nini, alitujibu bila hasira: «Mmetuandikia mkato, nasi tumekata.»

Hatukuwa na la kumjibu. Yeye hakukosea hata neno moja la Kiswahili.

Tuanze basi na neno hilo. Asili yake ni kwamba Kiingereza huiita kani hii kwa jina la mkasi mkubwa wa kunyolea manyoya ya kondoo, na mfasiri alipofungua kamusi akakuta kukata, akaunda mkato. Kwa Mwingereza taswira hiyo ina mantiki: makali mawili ya mkasi hupitana, na kilichomo katikati hukatika kwa sababu makali yamepitana. Yaani kupitana ndicho kisababishi, na kukatika ni matokeo. Kiswahili kilichukua matokeo kikaacha kisababishi. Tena kwetu sisi kukata si lazima kuwe na makali mawili. Panga lina makali mamoja, na kisu vilevile. Hakuna Mswahili anayeposikia «mkato» akaona nyuso mbili zinateleza. Anaona kitu kimoja kinakuwa viwili.

Hapo ndipo upungufu wa istilahi hiyo unapozidi kwenye maungio kuliko mahali pengine. Katika boriti nzima, mkato unaweza kuvumilika, kwa sababu boriti ikishindwa kwa kani hiyo hupata ufa wa mshazari karibu na nguzo, na mtu anayeutazama ufa huo anaweza kusema kweli imekatika. Lakini kwenye ungio hakuna cha kukatwa. Vipande vimekwisha kuwa viwili tangu siku vilipofyatuliwa. Ungio ni mkato uliofanywa makusudi kabla ya kazi kuanza. Ukisema tena kwamba kuna mkato utakaohamishwa, fundi atafahamu jambo moja kati ya mawili: ama mahali pa kukata pamebadilishwa, au kuna kitu kingine cha kukatwa. Fundi wa Masoko alichagua la pili.

Sisi tunapendekeza mpishano, na kani yenyewe iitwe kani ya mpishano. Kupishana ni kitenzi ambacho kila mtu anakijua, na kinadai watendaji wawili, kama vile kani hii inavyodai nyuso mbili. Tulipolitamka neno hili mbele ya mafundi, kijana mmoja alileta pingamizi ambalo hatukulitarajia. Magari hupishana bila kugusana, alisema. Kupishana ni adabu, huyu anampisha yule. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini mwenziwe alimjibu kabla yetu, kwamba hajawahi kuona basi na lori la mbao vikipishana kwenye kona nyembamba hadi vikakwaruzana ubavu? Wote wakacheka, na hoja ikaishia hapo. Tunaongeza jambo moja tu: maungio hujengwa ili kani ya mpishano isipate njia. Jina linataja hatari tunayoizuia, kama vile neno mafuriko linavyotaja kile ambacho tuta hulizuia.

Neno la pili katika sentensi ile ni hamisho. Nalo lina kasoro, ingawa haikuleta madhara kwenye daraja lile. Kinachohamishwa huondoka kilipokuwa na kwenda kukaa kwingine. Mtumishi akihamishwa kutoka Tukuyu kwenda Kyela, Tukuyu hayupo tena. Kani haiondoki hivyo. Kipande cha kwanza huendelea kubeba sehemu yake huku kikimpa mwenzake sehemu nyingine, na wa tatu naye apewe. Kiswahili kina kitenzi kilichozaliwa kwa ajili ya jambo hili, nacho ni kupokezana. Watu waliojipanga mstari wakipandisha ndoo za zege ghorofani hupokezana. Hakuna aliyehama, na mzigo umepanda. Basi sentensi ya mwongozo ingesomeka: «Vipande vitapokezana kani ya mpishano kwa njia ya nondo zinazovuka ungio, nondo hizo zisiguswe.» Maneno matatu ya mwisho si istilahi, lakini baada ya tuliyoyaona hatukuthubutu kuyaacha.

Msomaji atagundua kwamba tumeandika ungio, si kiungo. Rasimu hutumia kiungo kwa maana tatu: kipande chenyewe cha zege, mahali vipande vinapokutana, na kifaa kinachoviunganisha. Tukumbuke kwamba neno hilo kwa lugha ya kila siku ni mkono au mguu wa mtu, na pia ni bizari na karafuu. Twaona itoshe kusema kipande kwa kile kinachounganishwa, ungio kwa mahali, na kiungio kwa kifaa. Hatudhani jambo hili litabishaniwa.

Kuhusu «zege-tupwa» hatutachukua muda mrefu. Mfasiri aliona kwamba Kiingereza husema zege limetupwa katika kalibu, akatafsiri. Kwa Kiswahili kilichotupwa kimo jalalani. Mafundi walidhani ukurasa huo wahusu mabaki ya zege, wakauruka. Lugha imekuwa na kufyatua kwa muda mrefu: tofali hufyatuliwa, yaani huumbwa katika kalibu na kutolewa likiwa na sura yake, mbali na ukuta litakapokaa. Zege la kufyatua ni jina linalojieleza.

Lakini kuna istilahi moja ambayo kwa kuitazama mtu angedhani haina tatizo, nayo ni «ufunguo wa mkato». Wahandisi wa Kiingereza huliita kwa jina la ufunguo lile umbo la jino au mfuo linalowekwa kwenye uso wa kipande ili liingie katika umbo lililo kinyume chake kwenye kipande cha pili. Umbo likiingia katika mwenziwe, nyuso haziwezi kuteleza bila jino kuvunjika kwanza. Kwa Kiswahili, hata hivyo, kazi ya ufunguo ni kufungua. Tulipowauliza mafundi watatu, kila mmoja peke yake, ufunguo wa mkato ungekuwa nini, wawili walisema ni chombo cha kukatia nondo, na wa tatu alisema ni pengo linaloachwa ili ungio liweze kufunguliwa siku ya matengenezo. Jina limesema kinyume cha kazi. Waseremala wetu wana ulimi kwa ule mkia wa ubao unaochomekwa katika mfuo wa ubao wa pili, na wajenzi wa matofali ya kufungamana, yale ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umeyaeneza nchini, wamezoea kuona uvimbe wa tofali la chini ukiingia katika shimo la tofali la juu bila udongo wa kuyashikisha. Tunapendekeza jino, na kwa wingi meno ya ungio, kwa kuwa ulimi ni mmoja na mrefu, ilhali kwenye madaraja makubwa meno huwa mengi na mafupi kama ya msumeno.

Hata makalavati ya barabara za Rungwe yanalihitaji jino. Kalavati la pete za zege hukaa juu ya udongo mwepesi wa volkano, na pete moja ikizama kidogo kuliko jirani yake, ungio hupata ngazi. Maji huingia kwenye ngazi hiyo, yakachukua udongo uliolizunguka, na mwishowe barabara yenyewe huzama juu ya kalavati ambalo halikuvunjika hata kidogo. Mdomo wa pete unaoingia katika pete ya pili haukuwekwa kwa ajili ya kuziba maji peke yake; unazuia pia pete zisipishane. Mafundi wanaoupasua mdomo huo kwa nyundo kwa sababu haukai vizuri wanang'oa jino. Tuliwaona wakifanya hivyo, na hawakuwa wameelezwa na mwongozo wowote, wa Kiswahili wala wa Kiingereza.

Sasa tufikie neno lililotusumbua kuliko yote, ambalo katika orodha ya istilahi halimo, kwa kuwa waandishi hawakudhani ni istilahi. Mwongozo wasema, kabla ya kumwaga zege la ungio, «uso uwe safi». Ni maneno matatu mepesi. Msomaji wa kawaida hawezi kuona kosa.

Mwaka 1966 wahandisi wawili wa Marekani, P. W. Birkeland na H. W. Birkeland, walichapisha maelezo ya jinsi uso wenye mikwaruzo unavyozuia mpishano. Nyuso mbili zenye vilima na mabonde zikitaka kuteleza, vilima vya huku hupanda juu ya vilima vya kule, na kwa hiyo nyuso hazina budi kuachana kidogo. Zikiachana, nondo zinazovuka ungio huvutwa. Nondo ikivutwa, nayo huvuta kurudi, na kuzibana nyuso pamoja kwa nguvu zaidi. Kadiri ungio linavyotaka kuteleza ndivyo linavyojibana. Lakini yote haya yategemea vilima. Kanuni za zege za Marekani zimeweka kigawo 1.0 kwa uso uliokwaruzwa hadi mabonde yake kufikia kina cha milimita 6 hivi, na 0.6 kwa uso usiokwaruzwa, kwa zege la uzito wa kawaida. Maana yake ni kwamba kwa nondo zile zile, fundi aliyeuacha uso laini amepoteza thuluthi moja na zaidi ya uwezo wa ungio, na hakuna atakayeona kwa macho baada ya zege kumwagwa.

Na fundi wa Kiswahili akiambiwa uso uwe safi, hufanya nini? Huufagia, ndiyo, huuosha pia. Kisha kwa kuwa yeye ni fundi mzuri huchukua mwiko na kuulainisha. Neno safi katika ufundi wetu halikubeba maana ya kutokuwa na uchafu peke yake. Kazi safi ni kazi iliyonyooka, iliyong'aa, iliyopigwa niru hadi mkono ukipita hauhisi kitu. Fahari yote ya uashi imo katika ulaini. Tulivikagua vipande vilivyokuwa vimebaki, na nyuso zake za ubavuni zilikuwa laini kama kisahani. Mafundi walituonyesha kwa furaha. Msimamizi, ambaye alikuwapo, alitazama chini.

Hapa hakuna aliyefasiri vibaya. Neno ni la Kiswahili halisi na limetumika kama linavyotumika. Kosa ni letu sisi wa istilahi, tunaodhani kwamba kazi yetu ni majina ya vitu vigeni, na kwamba sifa kama safi, imara, nzuri zitajitunza zenyewe. Mwongozo huu ungeweza kupata ithibati yetu huku sentensi hiyo ikiwa ndani. Nusura tuipitishe, tulipoisoma mara ya kwanza ofisini hatukuiwekea hata alama ya penseli.

Karibu na neno hilo kuna kitenzi jaza. «Ungio lijazwe,» yasema rasimu. Lijazwe nini, kwa nguvu gani, hadi wapi? Mjini London, tarehe 16 Mei 1968, jengo la ghorofa 22 liitwalo Ronan Point, lililojengwa kwa kuta na sakafu za zege la kufyatua, liliporomoka pembe moja tangu juu hadi chini baada ya gesi kulipuka jikoni mwa nyumba ya ghorofa ya 18. Watu 4 walikufa. Jengo lilirekebishwa, likakaliwa tena, na lilipobomolewa kipande kwa kipande mwaka 1986 baadhi ya maungio yalikutwa yamesokomezwa magazeti mahali palipotakiwa kuwa na udongo wa saruji. Hatusemi kwamba msiba ule ulitokana na neno. Waingereza walikuwa na maneno yao yote. Tunasema tu kwamba ungio lililosokomezwa magazeti limejaa. Lililoshindiliwa ni jambo jingine, na kushindilia ni neno ambalo kila anayejenga analijua kutokana na kifusi cha msingi. Tumependekeza «lishindiliwe udongo wa saruji hadi utokeze upande wa pili».

Je, jambo hili lina uzito kiasi hicho kwa daraja la kijijini? Tulijiuliza, na pengine msomaji anajiuliza. Tukuyu ipo mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa hukutana, katikati ya milima iliyotoka ardhini kwa moto. Mnamo Desemba 2009 ardhi ya Karonga, ng'ambo tu ya mpaka upande wa Malawi, ilitetemeka mara kwa mara kwa majuma kadhaa, na tetemeko moja lilifikia ukubwa wa karibu 6.0. Na kule Armenia, katika tetemeko la tarehe 7 Desemba 1988, majengo mengi ya fremu za zege la kufyatua yalianguka mjini Leninakan kwa sababu vipande vyake havikushikana barabara, ilhali majengo ya kuta nzima za zege la kufyatua yalisimama. Zege lilikuwa la kufyatua huku na huku. Tofauti ilikuwa kwenye namna vipande vilivyofungamanishwa.

Na kuna ile mvua. Daraja la Ynys-y-Gwas nchini Wales, lililojengwa mwaka 1953 kwa vipande vya zege vilivyobanwa pamoja kwa nyaya za chuma, lilianguka ghafla tarehe 4 Desemba 1985 bila gari juu yake. Zege lenyewe lilikuwa zima. Maji yenye chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu yalipita kwenye maungio na kuzila nyaya papo hapo. Kwetu hakuna barafu wala chumvi ya barabarani, lakini maji hatukupungukiwa. Na ungio linaloteleza hupasuka, na lililopasuka hupitisha maji hadi kwenye nondo.

Tumebakiwa na istilahi moja ya kuchekesha. Kuanzia daraja la Choisy-le-Roi nchini Ufaransa, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wajenzi walianza kufyatua kila kipande kikiwa kimeegemea uso wa kipande kilichokitangulia, ili siku ya kuunganishwa nyuso zikutane bila nafasi hata ya unywele. Rasimu huiita njia hiyo «zege la mechi». Tunapendekeza kufyatua kwa kuegemeza. Hatuna zaidi la kusema, isipokuwa kwamba vijana wa Masoko waliuliza mechi ni siku gani.

Yatupasa pia kueleza mahali tulipokosolewa. Katika taarifa yetu ya kwanza tulipendekeza kwamba mkato uachwe kwa boriti nzima, na mpishano utumike kwenye maungio tu. Tulijiona tumekuwa waungwana: wapo walimu na wahandisi waliokwisha kuzoea mkato, na hatukutaka kuwanyang'anya. Mwenzetu mmoja mhandisi alitupinga vikali. Kani ni ile ile, alisema. Mkiipa majina mawili mwanafunzi atadhani ziko mbili, atazikokotoa mara mbili, au mbaya zaidi ataziacha zote. Tukamjibu kwamba fundi si mwanafunzi. Akatuambia kwamba siku moja fundi atataka kusoma kitabu cha mwanafunzi, na siku hiyo tutakuwa tumemfungia mlango. Amesema kweli. Hata katika boriti nzima, kinachotokea kabla ya ufa ni tabaka za zege kutaka kupishana, kama zile karata. Tumeifuta taarifa ya kwanza, na sasa twaomba kamati ifikirie mpishano kwa matumizi yote, ingawa tunajua kwamba kulibadilisha neno lililokwisha kuota mizizi ni kazi ya miaka, na kwamba huenda kamati ikakataa.

Siku ya mwisho mwenyeji wetu alitupeleka kuona Daraja la Mungu, ule mwamba ulioukumbatia mto Kiwira kutoka ukingo hadi ukingo. Yule fundi mzee alifuatana nasi. Alilitazama kwa muda, akapapasa uso wa jiwe, akasema hili halina ungio, ndiyo maana halikuhitaji mwongozo. Kisha akatuuliza swali ambalo mpaka tunapoandika haya hatujalijibu. Alitaka kujua uso ulio safi lakini usio laini, ulioondolewa vumbi na mafuta na bado umeachwa na makwaruzo yake, unaitwaje kwa neno moja. Uso mkwaruzo hakuupenda; alisema unasikika kama kasoro, na fundi hawezi kutoza fedha kwa kasoro. Uso mkali, alisema, ni wa mtu mwenye hasira. Alijaribu ukakasi, akalikataa mwenyewe kwa kuwa ni la ndizi mbichi mdomoni.

Rasimu imerudishwa kwa waandishi wake pamoja na mapendekezo haya, na mahali pa neno hilo tumeandika maelezo ya mistari miwili. Msomaji yeyote aliyelisikia kwa waashi, wachonga mawe au wafinyanzi wa kwao, popote alipo, atuandikie kabla ya kikao kijacho cha kamati.